Mifuko midogo ya vakyumu kutoka kwenye roli la sentimita 28

MamaTatu_Tanga
Habari zenu wapendwa. Nina mashine ya vakyumu ya nyumbani, ile inayovuta hewa na kubana mdomo wa mfuko. Nikipata nguru mzima namkata, naweka friza vipande viwili viwili, maana siku za kazi tunakula wawili tu. Roli la mifuko nililonunua lina upana wa sentimita 28, nusu ya mfuko inabaki tupu. Nataka upana wa 13 hivi. Nikate kwa urefu katikati? Utashika kweli?

BiSamaki
Shoga, mkasi wa katikati weka pembeni. Ukikata hivyo utashika, lakini mimi napenda njia nyingine. Wewe geuza roli.

Kata kipande cha urefu wa sentimita 15. Pale mkasi ulipopita, juu na chini, choma kwa mashine kote kuwili. Kisha chagua ubavu mmoja, ule uliofungwa kiwandani, uukate. Hapo ndipo mdomo. Umepata mfuko mwembamba wenye kina cha 28: samaki 20, na 8 unaziacha mdomoni ili mashine ipate pa kubana. Roli la mita 5 linakupa mifuko 33.

Kabla hujakata, papasa ule upande wenye vinundu. Vikiwa vijisanduku vinavyopishana, hewa inatoka popote. Ikiwa ni mistari mitupu iliyonyooka, usigeuze, kwa sababu hewa hufuata mistari.

Nguru ana maji, na mdomo wenye maji haushiki hata uchome mara ngapi. Mimi nakunja mdomo kwa nje kama pindo la suruali, naingiza samaki, naukunjua ukiwa mkavu. Samaki mwenyewe namtandaza kwanza kwenye sinia ndani ya friza mpaka agande juu, ndiyo navuta hewa. Na uache utepe wa joto wa mashine upoe kidogo kati ya mfuko na mfuko. Ukipata moto sana unayeyusha nailoni badala ya kuigandisha.

KakaJuma
Mambo mengi yote hayo! Si achukue nailoni za kawaida achome kwa mshumaa, kama wauza karanga?

BiSamaki
Kaka, karanga hazivutwi hewa. Mfuko laini pande zote mbili, mashine hizi za kubana zikianza kuvuta kuta zinagandana hapohapo mdomoni, hewa inabaki ndani na samaki wako. Asiye na mashine ni bora atie samaki kwenye mfuko wa zipu, auzamishe taratibu kwenye ndoo ya maji, mdomo tu ubaki juu. Maji yenyewe yanasukuma hewa nje, kisha afunge. Haifikii mashine, lakini inaushinda mshumaa.

MamaTatu_Tanga
Asante Bi. Vijisanduku vipo, nimepapasa. Na vipande vyenye mfupa? Halafu umeme huku unakatika, nikivitoa friza nikaviweka friji kwa kuwa vimefungwa vizuri si vitakaa tu?

BiSamaki
Mfupa uliochongoka uzibe kwa karatasi ya kuokea iliyokunjwa mara kadhaa, la sivyo mfuko ukivutwa unatoboka tundu usiloliona, na asubuhi unaukuta umelegea.

Friji hapana, mama. Kuna bakteria wa botulinum, wanaotoa sumu kali, hao wanataka pasipo na hewa, na aina yao inayopatikana kwa samaki hukua hata kwenye ubaridi wa friji, tena bila harufu ya kukushtua. Friza nyuzi 18 chini ya sifuri, sawa. Ukitaka kuyeyusha, toboa au fungua mfuko kwanza, ndiyo uweke friji kwenye bakuli. Umeme ukikatika usifungue friza ovyo; iliyojaa hushika ubaridi siku mbili hivi, iliyo nusu siku moja. Wakishayeyuka, wakawa na joto, usiwarudishe.

MamaTatu_Tanga
Basi kesho natoboa kwanza. Pweza je, naye nimgandishe kwenye sinia?

BiSamaki
Mchemshe, apoe, umkaushe. Huyo hana mfupa, mfuko wa 15 unamtosha.