Ushauri: Dashibodi ya ubora wa huduma za uuguzi wodini, tuanze na viashiria vipi?

Inchaji_TibaYaNdani

Wakuu, heshima zenu.

Naomba ushauri kwa wanaofahamu takwimu za wodini. Wodi ni ya tiba ya ndani, wanaume, vitanda 32, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wagonjwa mara nyingi wanazidi vitanda, wengine wanalala wawili wawili au kwenye godoro chini. Zamu ya asubuhi ina wauguzi 5, jioni 3, usiku 2.

Uongozi unataka dashibodi ya ubora wa huduma za uuguzi ianze robo hii. Rasimu iliyopo ina viashiria 24, inajazwa mwisho wa mwezi, na kila kiashiria kina rangi: kijani, njano au nyekundu.

Naomba mnisaidie haya: viashiria vingapi vinatosha kuanzia? Idadi ya kugawia tuitoe wapi? Tutumie Excel, DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya) au ubao wa ukutani? Na tufanyeje isigeuke fimbo ya kuwachapia wauguzi?

---

MamaKadeksi

Sista, 24 haviwezekani kwa wauguzi 2 wa usiku. Vitajazwa vyote tarehe 30 kwa kukisia, kisha vitasomwa kana kwamba ni kweli.

Pitisha kila kiashiria kwenye maswali matatu. Nani anahesabu? Anahesabu saa ngapi? Namba ikiwa mbaya leo, zamu ya leo itafanya nini? Kisichojibu swali la tatu kitoe. "Kuridhika kwa wagonjwa" kwa mwezi mzima hakimwambii muuguzi wa jioni afanye nini.

Kwa wodi ya tiba ya ndani mimi ningeanza na vitano:

1. Vidonda vya mgandamizo (vya kulalia sehemu moja muda mrefu) vilivyopatikia wodini.
2. Kuanguka kwa wagonjwa.
3. Dozi ambazo hazikutolewa, na sababu zake.
4. Wagonjwa waliofikisha alama 5 au zaidi za NEWS2 (jumla ya alama za pumzi, presha na vipimo vingine, kubwa ndiyo mbaya) na wakaonwa na daktari ndani ya muda mliokubaliana.
5. Kanula (vimpira vya kwenye mshipa) zenye tarehe na saa ya kuwekwa, na zilizokaguliwa kila zamu.

Viwili vya kwanza ni matokeo, vitatu vya mwisho ni mchakato. Mgawanyo wa muundo, mchakato na matokeo ni wa daktari Avedis Donabedian tangu 1966, na bado unasaidia sana. Matokeo pekee yanakuonyesha kwamba mtu ameumia bila kukuonyesha mahali huduma ilipokatika. Muundo usiufanye kiashiria cha sita. Andika tu pembeni idadi ya wauguzi na wagonjwa wa kila zamu, ili namba zisisomwe bila kujua nani alikuwepo.

Tahadhari ya NEWS2: haitumiki kwa wajawazito wala watoto chini ya miaka 16. Pia kipimo kimoja kikipata alama 3 peke yake, mgonjwa anahitaji kuangaliwa haraka hata kama jumla haijafika 5.

---

Asili_Kwanza

Nijibu la idadi ya kugawia, yaani asili, kwa sababu hapo ndipo dashibodi nyingi zinapoharibikia.

Kuanguka na vidonda hugawanywa kwa siku za wagonjwa, si kwa vitanda wala kwa waliolazwa. Muuguzi wa usiku ahesabu wagonjwa waliopo wodini saa 6 usiku, kila siku, kwa kupita kitanda kwa kitanda. Wa godoroni na wanaolala wawili wahesabiwe kama watu. Jumla ya hesabu hizo kwa mwezi ndiyo siku za wagonjwa.

Chukua mfano wa wodi yako. Tuseme watu 4 wameanguka katika mwezi wa siku 30. Ukitumia vitanda, 32 × 30 ni 960, kwa hiyo ni matukio 4.2 kwa kila siku 1,000. Lakini kama sensa ya usiku imejumlisha 1,216, kiwango ni 3.3. Wodi iliyojaa inaonekana mbovu kuliko ilivyo, na ile yenye vitanda vitupu inaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Usichukue jumla ya waliolazwa kutoka rejesta ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya) ukaifanya asili. Aliyekaa siku 21 amekuwa kwenye hatari ya kupata kidonda kwa muda mrefu kuliko aliyekaa 2, lakini kwenye rejesta kila mmoja ni mstari mmoja.

Kwa dozi, asili ni dozi zilizopaswa kutolewa. Kwa kanula, ni kanula zote zilizoonekana siku ya ukaguzi. Kila kiashiria na asili yake, iandikwe kwenye karatasi moja ya maelezo na ibandikwe nyuma ya ubao.

---

PembeniMwaKitanda

Nakazia maelezo ya kidonda cha mgandamizo, maana bila hayo wodi itabeba vidonda vilivyotoka nyumbani au wodi nyingine.

Mgonjwa akaguliwe ngozi zamu ileile anayolazwa: kifupa cha mkia, visigino, nyonga, viwiko, nyuma ya kichwa, na chini ya vifaa kama mpira wa puani, barakoa ya oksijeni na plasta ngumu ya mfupa uliovunjika (POP). Andika hata kama hakuna kitu. Kama hakuna maandishi ya siku ya kwanza, huwezi kudai baadaye kwamba alikuja nacho.

Hatua ya kwanza ya kidonda ni ngozi iliyobadilika rangi ambayo haipauki ukiibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Linganisha na ngozi ya jirani: je, pana joto au ubaridi tofauti, pamekuwa pagumu au laini mno, mgonjwa anasema panauma? Wauguzi wasipofundishwa hili, dashibodi itaonyesha sifuri za hatua ya kwanza, halafu vidonda vya hatua ya tatu vitokee kama vimeanguka kutoka mbinguni.

Braden, yaani alama za kupima hatari ya kupata kidonda cha mgandamizo, ina vipengele sita, jumla ni 6 hadi 23, na alama 18 kushuka chini ni hatari. Namba ndogo ndiyo mbaya, kinyume cha NEWS2, na muuguzi mgeni huchanganya. Iandikwe wazi juu ya fomu.

---

Inchaji_TibaYaNdani

Asanteni sana, hii ya sensa ya saa 6 usiku inawezekana kabisa. Swali kwa MamaKadeksi: dozi nyingi hazitolewi kwa sababu dawa haipo. Tutahukumiwa kwa kosa la stoo?

---

MamaKadeksi

Ndiyo maana nimesema "na sababu zake". Kisanduku cha dozi kisiachwe wazi. Ama sahihi, ama herufi ya sababu:

H – dawa haipo
K – mgonjwa amekataa
N – hayupo kitandani, yuko X-ray au theatre
M – haruhusiwi kula wala kumeza
V – njia ya mshipa imetoka
D – daktari amesitisha

Kisanduku kitupu kihesabiwe peke yake. Hicho ndicho cha uuguzi moja kwa moja. V nyingi zinakupeleka kwenye kanula. H iende kwa mfamasia kila wiki ikiwa na jina la dawa na idadi ya dozi zilizokosekana. D isihesabiwe kabisa kama dozi iliyokosekana.

Ukizijumlisha zote kwenye asilimia moja, utapata namba isiyo na mwenyewe. Ukizitenganisha, kila namba ina mlango wa kubisha.

Na tenga antibiotiki, insulini na dawa za kifafa kwenye mstari wao. Dozi moja ya vitamini iliyokosekana na dozi moja ya antibiotiki ceftriaxone iliyokosekana si kitu kimoja.

---

Takwimu_Wodini

Mmeongea vizuri, ila hamjagusa ukweli wa data yenyewe. Kabla ya kuchora chochote, chukua mafaili 10 uyasome safu ya pumzi. Ukikuta 20, 20, 20, 18, 20, 20 kwa wagonjwa wenye nimonia, moyo kushindwa na malaria kali, hakuna aliyehesabu pumzi. Presha ni hivyo hivyo: zote zikiishia na sifuri, 120/80, 130/80, 110/70, zimekadiriwa au zimejazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu.

Hii inaua NEWS2 moja kwa moja. Pumzi 20 ni alama 0, pumzi 25 ni alama 3. Mgonjwa anazidiwa, karatasi inasema yuko salama, na dashibodi inaonyesha kijani.

Dawa yake si karipio. Hesabu mashine za presha zinazofanya kazi na oksimita zilizopo. Kama wodi ya watu 40 ina mashine moja, kujaza kwa mkupuo ndilo tokeo lake. Weka saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde mahali inapoonekana kutoka vitandani, na pumzi zihesabiwe dakika nzima.

Ukaguzi wa mchakato ufanywe na mtu wa wodi nyingine, mara moja kwa wiki. Mafaili 10 yanatosha. Chagua kila kitanda cha tatu kuanzia namba iliyopatikana kwa bahati nasibu, usichukue mafaili yaliyo juu ya meza, hayo ndiyo yaliyokamilika.

---

Kanula20G

Kwa kanula ongezeni alama za VIP (za kupima uvimbe wa mshipa penye kanula), 0 hadi 5. Ikifika 2 itolewe na iwekwe pengine, hata kama dripu bado inakwenda. Tarehe na saa viandikwe kwenye plasta yenyewe, kwa kalamu isiyofutika na spiriti.

Usafi wa mikono usiupime kwa kumtazama mtu tu, akitazamwa hubadilika. Hesabu pia lita za kitakasa mikono zilizotumika kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Kipimo cha kujitathmini cha WHO kinatumia angalau lita 20.

---

Takwimu_Wodini

Narudi kwenye rangi na mwezi.

Robo moja ina miezi 3, maana yake nukta 3. Hazisemi chochote. Pima vitu vya mchakato kwa wiki, robo itakupa nukta 12 au 13 na unaweza kusoma mwelekeo. Chora mstari wa nukta hizo, kisha pitisha mstari wa thamani ya katikati: panga namba zote kutoka ndogo hadi kubwa, chukua iliyo katikati. Kwenye Excel ni =MEDIAN.

Halafu soma hivi: nukta 6 au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari huo, kuna kitu kimebadilika. Nukta 5 au zaidi zinazopanda tu au kushuka tu, pia kuna kitu. Nukta iliyoangukia kwenye mstari wenyewe usiihesabu upande wowote. Chini ya hapo, acha kuitisha vikao.

Rangi zinadanganya kwa matukio machache. Mwezi uliopita aliyeanguka ni 1, kijani. Mwezi huu ni 3, nyekundu. Huenda hakuna kilichobadilika wodini. Kwa kuanguka, andika siku zilizopita tangu tukio la mwisho, kisha chora siku kati ya tukio na tukio. Nafasi zikirefuka, mnaenda vizuri.

Pale Uingereza walikuwa na Safety Thermometer: siku moja kila mwezi, wagonjwa wote, madhara manne. Ukusanyaji wake wa kitaifa ulisitishwa 2020. Kwa wodi moja, picha ya siku moja ina matukio machache mno. Msiige muundo huo.

---

FundiWaMfumo

DHIS2 ni nzuri kwa taarifa za jumla zinazopanda wilayani, mkoani na wizarani. Kwa zamu ya leo haikusaidii. Anzeni na ubao mweupe ukutani na Excel kwenye kompyuta ya inchaji. Umeme ukikatika ubao unabaki.

Excel iwe na karatasi tatu tu: ya kuingiza data (mstari mmoja kwa tukio au kwa faili lililokaguliwa), ya sensa (mstari mmoja kwa siku), na ya chati. Sababu za dozi ziwe orodha ya kuchagua. Mtu akiruhusiwa kuandika anavyotaka, utapata "haipo", "Hakuna", "out of stock" na "nil", na COUNTIFS, fomula ya Excel ya kuhesabu, itahesabu moja tu kati ya hizo.

Kwenye ubao: hakuna jina la mgonjwa, hakuna jina la muuguzi, hakuna namba ya faili. Picha za ubao zinaishia kwenye magrupu ya WhatsApp, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba ya kitanda pamoja na tarehe inatosha kumtambulisha mtu, kwa hiyo hiyo nayo ibaki kwenye faili la inchaji.

---

MamaKadeksi

Kuhusu fimbo. Waambie uongozi kwa maandishi, kabla ya kuanza: miezi miwili ya kwanza vidonda na kuanguka vitaonekana kuongezeka, kwa sababu vitaanza kuandikwa. Wakiishtakia wodi namba hizo, mwezi wa tatu zitashuka na hamtajua tena kinachotokea vitandani.

Msikubali wodi kupangwa ya kwanza hadi ya mwisho. Tiba ya ndani ina wagonjwa wa kiharusi wasiogeuka wenyewe, upasuaji mdogo hauna. Kila wodi ilinganishwe na yenyewe.

Ubao usomwe kwenye makabidhiano ya saa 1:30 asubuhi, dakika 5, mmesimama mbele yake. Jambo moja tu: "Jana visanduku vitupu vilikuwa 7, vyote vya dozi ya saa 12 jioni." Mkishaona ni saa hiyo, mnauliza kinachotokea jioni hiyo: ndugu wanaingia, chakula kinagawiwa, wauguzi ni 3. Mnajaribu kitu kimoja kwa wiki, kwa mfano muuguzi mmoja wa dawa asiyekatishwa kwa saa nzima. Andikeni tarehe ya kuanza kwenye chati. Wenye 5S-KAIZEN (mpango wa kuboresha mahali pa kazi) tayari wana WIT, yaani timu ya maboresho, wodini, kazi hii iwe yao, msiunde kamati nyingine.

---

Inchaji_TibaYaNdani

Nimewaelewa wakuu. Tutaanza na vitano, sensa ya usiku na ubao. La mwisho: tukipunguza kuanguka, tutajuaje kwamba hatujaharibu kingine?

---

PembeniMwaKitanda

Kila unachopunguza kipe kiashiria cha kukilinda. Njia rahisi ya kuzuia kuanguka ni kumfunga mgonjwa au kumkataza kushuka kitandani, na atapata kidonda cha mkia. Kwa hiyo weka chati ya kuanguka na ya vidonda pamoja kwenye ubao, na hesabu waliofungwa kila zamu. Dozi pia: visanduku vitupu vikipungua ghafla wiki moja, siku ya ukaguzi hesabu vichupa na vidonge vilivyobaki, ulinganishe na sahihi.