Naomba ushauri: doria ya polisi mtaani kwetu imekufa kabisa

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mimi nakaa pembezoni mwa Dar, zamani defenda ya polisi ilikua inapita hata mara mbili kwa usiku, siku hizi wiki inaisha hujaona hata taa yake. Nilienda kituo kidogo cha jirani kuuliza nikamkuta askari mmoja tu kaunta, akanambia kaka tupo wachache, nikitoka mimi hapa nani anabaki na silaha na mahabusu? Kwa kweli nikakosa la kumjibu.

Sasa tumeamua kuanzisha ulinzi shirikishi, vijana wapo kama kumi hivi na kila nyumba iko tayari kuchangia kidogo, ila mwenyekiti wa mtaa anaogopa, anasema vijana wakimpiga mtu kesi inamrudia yeye. Na mimi namuelewa maana sungusungu tunawajua wakishakamata kibaka huwa hawaulizi maswali.

Najua kuna utaratibu wa polisi kata, yaani mkaguzi wa polisi anapangiwa kata, na tangu enzi za Said Mwema akiwa IGP (mkuu wa jeshi la polisi) polisi jamii inahubiriwa. Je tuanze kwa huyo mkaguzi au twende moja kwa moja kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya? Barua ipitie serikali ya mtaa au tuandike wananchi wenyewe? Na hao vijana wanapewa mafunzo na vitambulisho na nani? Mliowahi kufanya hivi kwenu mliwezaje, hasa hela ya kuwalipa vijana, maana mwezi wa kwanza watu huchanga kwa furaha, wa tatu hawapokei simu.