Naomba vitabu vya historia ya tambarare za magharibi mwa Kanada

Mkesha_Saskatoon
Wakuu, salaam. Mwaka wa tatu huu niko Saskatoon na bado najiona mpita njia. Nikitoka mjini naona ardhi imekatwa miraba mpaka macho yanapoishia, kama karatasi ya daftari la hesabu. Nani aliichora hivi, na nani walikuwepo kabla? Kitabu nilichoazima maktaba kinaanza na reli na ngano. Nipeni viwili vitatu, ila visiwe vizito sana, nasoma nikitoka zamu ya usiku.

BintiPangani
Kaka, usianze na reli. Anza na njaa. Tafuta Clearing the Plains cha James Daschuk, cha mwaka 2013. Wazee wa Cree, wenyeji wa tambarare hizo, walitia saini Mkataba wa Sita na serikali mwaka 1876 pale Fort Carlton, kaskazini mwa hapo ulipo, wakaahidiwa msaada njaa ikiingia. Nyati wakaisha. Njaa ikaingia kweli, na serikali ikakizuia chakula ili wakubali kuhamia kwenye maeneo waliyotengewa. Mimi kitabu hicho kilinichukua mwezi mzima. Kuna usiku nilisoma ukurasa mmoja tu, nikakifunga.

Miraba yako inatokana na sheria ya ardhi ya 1872: ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi mlowezi akae na alime. Kati ya miraba ukaachwa ukanda wa barabara. Wametis wengi, wazao wa wanawake wenyeji na wafanyabiashara wa manyoya, walipokosa ardhi walijenga vibanda kwenye ukanda huo huo. Maria Campbell alizaliwa katika maisha hayo, na ameyasimulia katika Halfbreed, cha 1973. Ni chepesi kusoma, lakini kinauma. Chukua toleo la 2019, maana lile la kwanza liliondolewa sehemu anayoeleza alivyobakwa na askari polisi. Ukishakisoma, ule ukingo wa barabara hutaupita tena hivi hivi.

Mzee_wa_Ramani
Binti yangu amesema vyema, ila mimi ningemwanzisha na The Canadian Prairies cha Gerald Friesen, 1984. Ni kinene, lakini bila kujua nani alimtangulia nani, hayo mengine yatamchanganya. Na tusiwasahau weusi wenzetu waliotoka Oklahoma, Marekani, wakafungua mashamba Amber Valley, Alberta, mnamo 1910. Agosti 1911 baraza la mawaziri lilipitisha amri ya kuwazuia weusi kuingia nchini kwa mwaka mzima. Haikutekelezwa, ikafutwa mwaka huo huo, lakini iliandikwa.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Hilo la Amber Valley nakubali kwa mikono miwili. Kuhusu Friesen, naomba nishikilie langu: mtu aliyechoka akianza na kinene ataishia sura ya pili. Amsikie kwanza mtu mmoja akisimulia, tarehe atazitafuta mwenyewe.

Mkesha_Saskatoon
Asanteni sana. Halfbreed nimeshaiwekea oda maktaba. Jumapili nina mapumziko, kuna mahali pa kwenda kutazama?

BintiPangani
Nenda Batoche, ni kama saa moja kwa gari. Wametis walishindwa vita na jeshi la serikali pale Mei 1885, na kiongozi wao Louis Riel akanyongwa Regina Novemba ile. Nyumba ya padri bado imesimama, na matundu ya risasi yako ukutani. Ulizia kwanza kama wamefungua, baridi ikianza hufunga.