Mnafunga majedwali ya dunia kwa nguvu, halafu mnaficha mabaki

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, lakini kila neno nalimaanisha. Unawahusu wote wanaochukua majedwali ya pembejeo na mazao ya nchi mbalimbali na kuyaunganisha kuwa jedwali moja, na wote wanaoyatumia bila kuuliza yamefungwaje na mabaki, yaani tofauti kati ya namba ya mwanzo na ya mwisho ya kila seli, yamekwenda wapi.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Tulipokea jedwali lililounganisha nchi kadhaa, kazi ya timu ya washauri ambayo sitaitaja. Limefunga safi: jumla ya kila mstari ni sawa na jumla ya safu yake hadi desimali ya sita. Nikaenda moja kwa moja kwenye safu ya mabadiliko ya akiba, yaani bidhaa zilizoingia ghalani au kutolewa mwaka huo, maana huko ndiko uchafu hukimbilia. Nikakuta sekta ya elimu ya nchi moja ina akiba. Elimu! Huduma inayotolewa na kuisha papo hapo, haina ghala wala gunia. Na akiba yenyewe ni hasi, karibu robo ya uzalishaji wote wa sekta. Maana yake, kwa mujibu wa jedwali, mwaka ule nchi ile ilichota masomo iliyokuwa imeyahifadhi tangu miaka ya nyuma.

Nikaandika kuuliza. Nikajibiwa kwamba hesabu ilishatulia na tofauti zilizobaki ni ndogo kuliko kiwango kilichokubaliwa. Nikaomba data ilivyokuwa kabla ya kusawazishwa. Haikuhifadhiwa. Nikaomba angalau orodha ya seli zilizosogezwa zaidi. Kimya mpaka leo.

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze kwa ufupi. Jedwali la nchi moja linaonyesha kila sekta inanunua nini kutoka kila sekta nyingine ili izalishe. Wassily Leontief alichapisha la Marekani mwaka 1936 na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ukiyaunganisha ya nchi nyingi, majedwali ya ndani yanakaa kwenye mshazari, na biashara kati ya nchi inajaza pande zote mbili. Kisha unatafuta matriki (jedwali la namba) kinyume ya Leontief, inayofuata mnyororo wote wa manunuzi, na hapo unaweza kuuliza: mahitaji yakiongezeka nchi hii, nani anazalisha nini, wapi, kwa hewa chafu kiasi gani? Leontief na wenzake walilijaribu hilo kwa Umoja wa Mataifa, kazi iliyotoka mwaka 1977 ikiwa na kanda 15. Siku hizi tuna WIOD, kanzidata ya majedwali ya dunia, ambayo toleo lake la 2016 lina nchi 43 na sekta 56, na ukiongeza ile nchi ya kufikirika iitwayo Dunia Iliyobaki unapata matriki yenye seli zaidi ya milioni 6. Tuna pia kanzidata nyingine za aina hiyo: EXIOBASE, Eora, GTAP na majedwali ya OECD. Kazi kubwa, na walioifanya nawaheshimu sana.

Tatizo ni kwamba data za nchi hazikubaliani, na hazitakubaliana leo wala kesho. Nchi ya kwanza inasema iliiuzia ya pili bidhaa za milioni 100. Ya pili inasema ilinunua za milioni 140. Sehemu ya tofauti inaeleweka: muuzaji anahesabu thamani mzigo unapopandishwa melini, mnunuzi anaongeza nauli na bima. Tuseme hiyo ni 12. Zinabaki 28. Pengine ni mzigo wa nchi ya tatu uliopitia Rotterdam na kubadilishiwa karatasi, pengine mmoja ameandika vibaya, pengine mwaka wa fedha wa mmoja unaanza mwezi mwingine. Lazima uamue unamwamini nani.

Sasa tazameni uamuzi huo unafanya nini ndani. Sekta ya muuzaji inazalisha 500. Awali 100 zinaenda nje na 400 zinabaki nyumbani, na katika hizo 400, sekta inajinunulia yenyewe 150. Mgawo wake, yaani 150 kwa 500, ni 0.30. Ukimwamini mnunuzi, mauzo ya nje yanakuwa 128. Uzalishaji hauguswi kwa sababu umefungwa na takwimu za Pato la Taifa. Kwa hiyo nyumbani zinabaki 372, na kila mtumiaji wa ndani anakatwa asilimia 7. Zile 150 zinakuwa 139.5 na mgawo unashuka hadi 0.279. Ukiitazama sekta hiyo peke yake, kizidishi chake, yaani uzalishaji wote unaochochewa na mahitaji ya 1, kimeshuka kutoka 1.43 hadi 1.39. Hakuna kiwanda kilichobadili namna ya kuzalisha. Ni karatasi za forodha za nchi nyingine ndizo zimebadilisha teknolojia ya nchi hii! Na bado safu ya sekta hiyo ina pengo la 10.5 ambalo utaratibu wa kusawazisha utaliziba kwa kuongeza ununuzi kutoka kwingine, nao utasukuma wengine, hadi zile 28 zisambae kote na hakuna atakayeziona tena.

Utaratibu huo wengi wanaujua kwa jina la RAS, ulioenezwa na Richard Stone na wenzake wa Cambridge miaka ya 1960. Unazidisha mistari ifikie jumla inayotakiwa, unazidisha safu, unarudia mistari, mpaka pande zote zitulie. Ni chombo kizuri sana kikitumiwa na mtu anayejua mipaka yake. Lakini RAS haijui lililo kweli. Inajua kutosheleza jumla tu. Ukiipa takwimu mbovu itaitosheleza hiyo hiyo mbovu kwa utii wote, na mwishoni matriki inapendeza vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: katika RAS sifuri inabaki sifuri milele, kwa kuwa unazidisha tu. Ghana ilianza kuchimba mafuta kibiashara kwenye eneo la mafuta la Jubilee, baharini, mwezi Desemba 2010. Chukua jedwali la nchi lililotengenezwa kabla uchimbaji haujaanza, livute kwa RAS hadi miaka ya baadaye, na mstari wa mafuta ghafi utabaki mtupu hata meli za mafuta zipange foleni. Anayefanya kazi hii anatakiwa aingize mkono, apande namba za kuanzia kwenye seli zile, na aandike kwamba amezipanda. Mimi nimeona ripoti zinazosema tu "jedwali limesasishwa". Limesasishwaje? Kwa taarifa gani? Nani aliamua sekta mpya inanunua nini?

Haya, tuje kwenye uagizaji. Forodha inakwambia bidhaa imetoka wapi. Haikwambii nani ndani ya nchi ameitumia. Basi inatumika kanuni ya uwiano: kila sekta inapewa bidhaa za nje kwa mgawanyo uleule wa nchi zilikotoka. Mfano wa kubuni: nchi inaagiza kemikali za 100. Kutoka nchi A ni mbolea ya 80, kutoka nchi B ni wino wa kuchapia wa 20. Kilimo kinatumia 80, uchapaji unatumia 20. Kanuni ya uwiano inakipa kilimo 64 kutoka A na 16 kutoka B, na uchapaji 16 kutoka A na 4 kutoka B. Yaani wakulima wanamwagia wino mashambani na wachapaji wanachapa magazeti kwa mbolea. Katika kila 100, 32 zimekaa kusikostahili. Kama kiwanda cha mbolea cha A kinatumia gesi nyingi na kutoa hewa chafu nyingi, kilimo kinaonekana kisafi kuliko kilivyo na uchapaji unabebeshwa lawama isiyo yake.

Na msiniambie data haipo! Katika HS, mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa forodhani, mbolea ina sura yake ya 31 na wino wa kuchapia una namba yake 3215. WIOD walijitahidi kutenganisha malighafi za viwandani, bidhaa za walaji na za mtaji kabla ya kugawa, na hilo nawapongeza, ila kwa mfano huu haliokoi kitu maana mbolea na wino zote ni malighafi. Kinachohitajika ni mtu akae na tarakimu sita za forodha na aulize bidhaa hii hutumiwa na nani. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, haichapishwi majaridani. Leontief mwenyewe, akiwa rais wa chama cha wanauchumi wa Marekani mwaka 1970, alilalamika mbele ya wenzake kwamba taaluma inatukuza nadharia na kuidharau kazi ya kukusanya na kuchambua data. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tuko palepale.

Kinachoniuma zaidi ni nchi ndogo. WIOD haina hata nchi moja ya Afrika. Bara zima limo ndani ya Dunia Iliyobaki, ambayo kwa sehemu kubwa hupatikana kwa kutoa: jumla ya dunia, ondoa nchi tulizonazo, kinachobaki ndiyo nyie. EXIOBASE ina Afrika Kusini peke yake na wengine karibu wote wamewekwa kwenye kapu moja. Eora walichagua njia nyingine, wakaingiza karibu kila nchi, na kwa zile zisizokuwa na jedwali la taifa wakaanzia kwenye kiolezo cha wastani wa Australia, Japani na Marekani, kisha wakakivuta kikutane na takwimu za kitaifa. Eora nawapa haki yao: walilisema hilo waziwazi, na wanatoa pia makadirio ya shaka kwa namba zao. Hasira yangu ni kwa wanaopakua jedwali, wanaacha faili la shaka kulekule, halafu wanaandika kwamba sekta ya nguo ya nchi fulani maskini ina kizidishi cha 1.87. Umeipima wapi hiyo nambari mbili baada ya nukta, ndugu yangu? Unaisoma Japani iliyovalishwa bendera nyingine, na kuna waziri ataitumia kupanga nani apate msamaha wa kodi.

Sidai mtu atengeneze jedwali lisilo na kasoro. Ninachotaka ni kidogo sana. Wekeni data za biashara zilivyokuwa kabla ya kuguswa, za muuzaji na za mnunuzi, kando kwa kando. Semeni mlimwamini nani na kwa nini. Toeni matriki ya mabaki, yaani kila seli ilianza na ngapi ikaishia na ngapi. Wekeni alama kwenye seli zilizokopwa kutoka nchi nyingine, mtumiaji azione kwa macho yake. Hayo yote yapo kwenye kompyuta yenu wakati mnafanya kazi. Ni kuamua tu kutoyafuta. Na wanaolipia kazi hizi, andikeni kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki bila faili la mabaki, maana mkiacha hiari hamtaliona.

Nyongeza: kuna mdau hapo chini ameandika kwamba modeli zote ni makadirio, nisiyeyataka nikae pembeni. Mkuu, makadirio nayataka na ndiyo kazi yangu ya kila siku. Makadirio yanakuja na ukubwa wa kosa lake. Namba isiyokuja na ukubwa wa kosa hakuna anayeweza kuikosoa wala kuitengeneza, na ndiyo maana elimu ile ilikaa ghalani bila mtu kuishtukia.

Mdau mwingine amesema kwa nchi kubwa kanzidata hizi hazitofautiani sana. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, hasa wote wakianza na takwimu zilezile za hewa chafu. Lakini kukaribiana kwao kwenye uchumi wenye ofisi kubwa za takwimu na majedwali ya mara kwa mara hakunisaidii kwenye uchumi wenye jedwali moja la zamani. Shaka inaongezeka pale pale ambapo uamuzi mmoja mbaya unaumiza zaidi.

Na kwa aliyeuliza kama kuna njia mbadala ya RAS pale penye namba hasi au vyanzo vinavyopingana: ipo. GRAS, iliyochapishwa mwaka 2003, inashughulikia namba hasi, na KRAS, iliyotengenezwa na watu wa Eora, inaruhusu masharti yanayopingana huku kila chanzo kikipewa uzito kulingana na kinavyoaminika. KRAS inakulazimisha ufikirie imani yako kwa kila chanzo kabla hujabonyeza kitufe. Tumieni hizo, na uzito mliotoa uchapisheni.

Jedwali letu wenyewe la nchi mbili nitaliweka hapa pamoja na mabaki yake yote, hata yale mabaya. Mwenye lake alilete chini ya langu. Na mmoja wa timu ile akipita hapa, swali langu bado halijajibiwa: sekta ya elimu, safu ya akiba, ile namba ilitoka kwenye mstari gani?