Wakuu mlioko Marekani, mji gani unaongoza kwa misosi ya mataifa mengi? Tupeane uzoefu

Kibao_cha_Mbuzi

Wakuu habari za wikendi. Kuna jamaa yangu anakuja huku kikazi, kampuni imempa achague kati ya New York, Houston na Chicago, na kitu cha kwanza alichoniuliza siyo kodi ya nyumba wala baridi, kaniuliza "hivi huko nitakula nini?" Nikaona hili ni swali la kulileta hapa maana kila mtu anausifia mji wake. Naomba tusijadili hoteli za kifahari za katikati ya mji, hizo zipo kila mahali. Naulizia vile vibanda na vimigahawa ambavyo mpishi anawapikia watu wa kwao, ukiingia unakuta wateja ni wenyewe kwa wenyewe wanapiga soga kwa lugha yao na hakuna aliyepunguza pilipili kwa ajili yako.

Naanza na kwangu. Nipo Queens, New York, na msimamo wangu ni kwamba hakuna mji wa kutufikia, na sababu kubwa ni treni. Unapanda namba 7 kutoka Manhattan unashuka Jackson Heights, stesheni ya mtaa wa 74. Hapo hapo nje Wabangladeshi wana vitoroli vya fuchka, zile puri ndogondogo kavu, muuzaji anaitoboa kwa kidole gumba, anajaza viazi na dengu, anamimina maji ya ukwaju, na unatakiwa uitie mdomoni nzima kabla haijaloa. Hatua chache mbele Watibeti na Wanepali wanauza momo, nyama ya kusaga na vitunguu imefungwa kwenye unga mwembamba ikapikwa kwa mvuke, ukiuma tu mchuzi wa ndani unakuchuruzikia mkononi, na pilipili yao si ya mchezo. Ukifuata Roosevelt Avenue chini ya reli unakutana na Wakolombia, Waekwado, Wameksiko, mpaka usiku wa manane watu wanakula. Treni inaishia Flushing kwa Wachina, na siyo Wachina wa aina moja, kila jimbo na tambi zake.

Haya mambo yana chanzo chake. Mwaka 1965 Marekani ilibadilisha sheria ya uhamiaji, ikafuta ule mgawo uliokuwa unawapendelea watu wa Ulaya, ndipo Waasia, Walatini na Waafrika wakaanza kuingia kwa wingi, na Queens wakapata nyumba za bei afadhali na usafiri wa kwenda kazini. Nikipamiss nyumbani natoka Queens naenda Harlem mtaa wa 116, kwa Wasenegali, nakula thieboudienne, wali wao mwekundu wa samaki na muhogo na karoti na kabichi, na wanakukwangulia ukoko wanakuwekea pembeni ya sahani. Mtu anayekupa ukoko bila kuombwa huyo anajua kupika.

Karibuni, kila mtu aseme alichokula mwenyewe, siyo alichosoma.

Chuma_cha_Houston

Mkuu heshima kwako, ila umeongea kama mtu ambaye hajafika Houston. Huo mtaa wako una watu wengi na nafasi ndogo, mpishi analipa pango la kutisha halafu anakuuzia kisahani. Huku Houston hakuna ile sheria ya miji mingine ya kusema hapa makazi tu hapa biashara tu, kwahiyo duka, gereji, msikiti na mgahawa vinakaa pamoja kwenye fremu za barabarani, na mgeni mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza. Ndiyo maana hapa unakula unashiba na chenji inabaki.

Barabara ya Bellaire upande wa kusini-magharibi, ukiianza huimalizi. Wavietnamu walikuja baada ya Saigon kuanguka 1975, wengine walikuwa wavuvi kwao wakaangukia Ghuba ya Meksiko ambako kuna uduvi na kamba. Sasa majirani zetu wa Louisiana wana kawaida ya kuchemsha kamba wa maji baridi, wanafanana na kamba kochi ila wadogo, na Wavietnamu wakaichukua hiyo kawaida wakaongeza ya kwao, siagi na vitunguu saumu vingi na mchaichai. Wanaletwa wa moto kwenye mfuko wa plastiki, mezani imetandikwa karatasi, hakuna uma hakuna kijiko. Unashika kichwa na mkia, unazungusha, unavuta, nyama unakula na kichwa unakifyonza kwasababu viungo vyote viko humo. Msimu wake mzuri ni kuanzia mwanzo wa mwaka mpaka kama Mei, nje ya hapo usijisumbue.

Halafu toka hapo nenda Bissonnet kwa Wanigeria, suya, mishikaki yao ya viungo, imekunjwa kwenye karatasi na vitunguu vibichi, mchuzi wa mbegu za egusi na viazi vikuu vya kutwanga. Au nenda Hillcroft kwa Wahindi na Wapakistani, mtu aliyekulia Dar au Mombasa akiingia kwenye yale maduka ya chevda na bhajia na jalebi anajisikia yupo mtaa anaoujua kabisa. Jamaa yako mwambie aje Houston ila anunue gari mapema, bila gari atakufa njaa huku anaviona.

Binti_Kisauni

Jamani mbona mwaisahau Minneapolis? Najua si mji mkubwa kama hiyo yenu na baridi yake yaumiza mifupa, lakini kwa mtu wa pwani hapa ndipo. Wasomali wako wengi kuliko kwingine kokote Marekani, na wengi wao walipitia Kenya, Eastleigh au Dadaab, kwahiyo ukiingia Karmel Mall siku ya Ijumaa baada ya swala wasikia Kisomali, Kiswahili na Kiingereza vyapishana kwenye ngazi. Chini maduka ya madira na udi, na vyumba vya chai pembeni, shaah ya maziwa na iliki na mdalasini, sambusa zatoka kwenye mafuta wewe umesimama hapo hapo.

Wali wao, bariis, waletwa na nyama ya mbuzi juu na ndizi mbivu kando. Wamarekani wanaoletwa na marafiki zao huishangaa ile ndizi, wadhani ni ya kula mwisho, sisi tuliolelewa kwa pilau na ndizi hatuoni ajabu, twaimenya tukaila tonge kwa tonge. Na basbaas, pilipili yao ya kusaga, ile ya kijani uiombe mapema kwa sababu huisha.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni Wahmong wa St. Paul, mji pacha wa Minneapolis. Hawa ni watu wa milima ya Laos waliokimbia baada ya vita kule, wakaja huku kuanzia miaka ya 1970. Wana soko lao la ndani, Hmong Village, na kuna mama wa makamo wana kinu na mchi, watwanga papai bichi na pilipili na ndimu na mchuzi wa samaki mbele yako, wakuuliza pilipili ngapi, wewe wataja namba na yeye azihesabu kwa sauti akizitupa kinuni. Mimi mtoto wa Kisauni nayeijua pilipili, na pale nilitoka jasho. Kila mgeni wangu nampeleka.

Mwana_DMV

Wasee, Washington DC na zile kaunti za Maryland na Virginia ziko juu kwa kitu kimoja, na hicho hakuna anayeweza kubishana nacho: Waethiopia. Walianza kuja kwa wingi baada ya mapinduzi ya 1974, na sheria ya wakimbizi ya 1980 ikawafungulia zaidi. Zamani ilikuwa U Street, siku hizi kodi ya mjini imepanda wengi wamesogea Silver Spring na Alexandria. Siri niliyopewa na dereva wa teksi Mwethiopia ni nenda Jumatano au Ijumaa. Hizo ni siku za kufunga za kanisa lao la Orthodoksi, hawagusi nyama wala maziwa, kwahiyo mboga zinapikwa kwa akili yote: dengu nyekundu na za njano, kabichi na karoti, sukuma, shiro (rojo la unga wa dengu), zote zimepangwa juu ya injera, mkate wao kama chapati chachu, moja pana na mnakula wote kutoka hapo. Nimekula na wazee wanaodai hawawezi kushiba bila nyama na wakaomba injera ingine.

Ukimaliza hapo kuna Eden Center, Falls Church, soko zima la Wavietnamu. Sijui kama Houston inaweza kubabaisha hapo, Chuma atatuambia.

Chuma_cha_Houston

Eden Center nimefika, ni pazuri sana. Ila ni soko moja mkuu, huku ni barabara nzima.

Mpenda_Supu

Jamaa ametajiwa Chicago na hakuna aliyeisemea, niiseme mimi. Devon Avenue, kaskazini ya mji, Wahindi na Wapakistani, na kwa Waislamu halali siyo shida kabisa pale. Nihari ya asubuhi, nyama ya mguu wa ng'ombe imechemka usiku kucha mpaka inaachia mfupa, unakula na naan. Kwa Waarabu nenda Bridgeview kwenye Harlem Avenue, Wapalestina wameijaza.

Lakini kitu kilichonifunga Chicago ni birria ya mbuzi. Hii ni ya Wameksiko wa Jalisco, wapo wengi upande wa kusini-magharibi wa mji. Siku hizi kila mahali Marekani wanauza birria ya ng'ombe ndani ya tako (taco, kichapati cha Kimeksiko kilichokunjwa na nyama ndani) yenye jibini, hiyo ni nyingine. Ya mbuzi inapikwa polepole na pilipili kavu, halafu inakatwakatwa na mfupa wake, unaletewa sahani ya nyama na bakuli la supu, tortila za moto zimefungwa kwenye kitambaa, kitunguu, giligilani, ndimu. Ukikamulia ndimu kwenye ile supu na kuonja, kama umezoea supu ya mbuzi ya asubuhi huhitaji mtu akueleze. Na wanafungua asubuhi kweli, wikendi familia zinatoka kanisani zinapanga foleni. (Kwa wanaozingatia halali ulizeni kwanza, hapa siyo Devon.)

Dereva_Trela18

Mimi nawasoma tu nacheka kwa furaha maana karibu kote mlikotaja nimepita, ila tatizo la trela la futi 53 huwezi kuliingiza Jackson Heights wala Devon. Sisi chakula chetu kinapatikana barabarani, na hapo naomba niongeze mji ambao siyo mji: dhaba, yaani migahawa ya barabarani, za Wapunjabi. Masingasinga wengi wameingia kwenye udereva wa malori, na wenzao wakafungua jikoni kwenye vituo vya mafuta, utavikuta kwenye barabara kuu za I-40 na I-80, sehemu ambazo kushoto jangwa kulia jangwa. Unaingia umechoka, unakuta mama anakanda unga, paratha ya viazi inapigwa siagi juu ya chuma, dengu, achari, chai ya tangawizi kwenye glasi. Madereva Wasomali, Waethiopia, Wakenya, Wapunjabi, wote tumekaa meza moja tunaongelea bei ya mizigo. Mtu akiniambia Marekani vijijini ni baga tu namwonea huruma.

Nikipata siku mbili za kupumzika naelekea Dearborn, Michigan. Waarabu walivutwa pale na viwanda vya Ford tangu enzi za babu zetu, kwanza Walebanoni, baadaye Wayemeni na Wairaki. Mkate unatoka tanuri mbele yako, na kwa Wayemeni kuna fahsa, mchuzi mzito wa nyama, inakuja inatokota kwenye chungu cha jiwe. Ramadhani usiku barabara zimejaa kama mchana.

Dada_wa_Upanga

Los Angeles jamani! Mnajadili haya bila LA? Hapa una Koreatown, una Thai Town, una Little Ethiopia pale Fairfax, Wairani Westwood, Waarmenia Glendale, na ukienda mashariki San Gabriel Valley ni Wachina mji baada ya mji, Monterey Park, Alhambra, huko hata maandishi ya Kiingereza ni ya kutafuta. Marehemu Jonathan Gold alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi, 2007 kwa kuandika kuhusu vibanda vya namna hii, na alikuwa mwandishi wa kwanza wa migahawa kuipata.

Ninachokipenda mimi ni chakula cha barabarani. Usiku unaona moshi kwa mbali, ni al pastor, nyama ya nguruwe imepangwa kwenye chuma inazunguka na nanasi juu. Teknolojia hiyo ililetwa Meksiko na Walebanoni, ni shawarma ile ile imebadilishwa nyama. Jamaa anakata, kipande cha nanasi kinaruka anakidakia kwenye tako. Hawa wachuuzi walisumbuliwa miaka na miaka kama machinga wetu, kunyang'anywa mikokoteni na kufunguliwa kesi, mpaka sheria ya jimbo iliyoanza 2019 ikasema kuuza chakula kando ya barabara siyo jinai. Nami nasema tuwaungishe kwa nguvu, wengi ni kina mama wanasomesha watoto kwa hizo tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake ukapikwa kwa mvuke.

Shida ya LA ni foleni. Unaweza kutamani tambi saa kumi na moja jioni ukazila saa mbili.

Mwana_Bukavu

Jambo bandugu. Mie niko Clarkston, karibu na Atlanta, tulifika huku kama bakimbizi. Hapa kuko batu ba kila inchi, Banepali, Baburma, Baethiopia, na siye Bakongomani. Sombe (majani ya muhogo) iko kwa magazini, ya kusagwa tayari kwa friza, makayabu (samaki ya chumvi) iko, ndagala iko, bugali tunapika kila siku. Kwa kula ya bengine tunaenda Buford Highway, kuko Bakorea, Bameksiko, Bavietnamu, barabara murefu sana. Msisahau Atlanta.

Kibao_cha_Mbuzi

Ahsanteni sana wakuu. Jamaa yangu anausoma huu uzi, kaniambia kwamba kwa kuwa hajui kuendesha gari anaegemea New York na Chicago, na Chuma ndiye aliyemtisha na habari za gari. Msimamo wangu haujabadilika kwa mtu asiye na gari, ila mwenye gari na familia ya kulisha, Houston nakubali.

Aliyeniuliza pembeni kuhusu lile soko la usiku la Queens: lipo Flushing Meadows, lilianza 2015, ni Jumamosi usiku kuanzia majira ya machipuko, na huwa wanapumzika kipindi cha tenisi ya US Open. Bei ya kila chakula ina kikomo kilichopangwa na waandaaji, kwahiyo unaweza kuonja vingi. Nenda mapema kabla foleni hazijarefuka, beba pesa taslimu, na ushuke treni namba 7 stesheni ya mtaa wa 111.