Naomba ushauri: masafa ya umeme yakiporomoka, nikate mzigo (yaani nizimie umeme baadhi ya mitaa) au nisubiri?

Wakuu, habari zenu. Najifunza uongozaji wa gridi ya umeme. Juzi kwenye mazoezi ya kompyuta, mwalimu alizima ghafla mtambo wa megawati 235, ukubwa uleule wa mtambo mmoja kati ya tisa za Bwawa la Nyerere. Masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, yakashuka kutoka hezi 50 hadi 49.2. Nilisubiri mitambo mingine iongeze maji, mkono juu ya simu, jasho linanitoka. Relei, zile swichi za kinga zinazojiendesha, zikakatia mitaa umeme kabla sijaamua.

Kukata kwa mkono naogopa, kuna watu wodini. Mliokaa chumba cha udhibiti, mnaangalia nini kwanza: masafa yenyewe, au kasi ya kushuka? Na laini ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya niitegemee kiasi gani kabla nayo haijazidiwa?