Kupima wanaume wote tezi dume kanisani: msaada au mtego?

Mwenyekiti wa Muda
Habari za jioni wanajukwaa. Kikundi cha wanaume kanisani kwetu hapa Umoja kimetenga pesa za kupima damu ya PSA (protini inayotoka kwenye tezi dume) bure kwa kila mwanamume wa miaka 40 kwenda juu, Jumapili moja baada ya ibada ya pili. Hema lipo, viti vipo, mtu wa maabara yupo, majibu yatatumwa kwa simu. Katibu anasema tutaokoa maisha. Daktari mmoja muumini mwenzetu anasema tusithubutu, tutazua hofu tusiyoweza kuituliza. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume Kenya, sihitaji kueleza. Tupime wote au tuache? Kamati inapiga kura kesho. Naomba hoja, si matusi.

Karani wa Gikomba
Kuomba hoja bila matusi hapa ni sawa na kumwomba makanga risiti. Lakini pimeni! Biden mwenyewe, na madaktari wake wote wale, Mei 2025 ndiyo wanatangaza imefika mifupani. Mara ya mwisho kupimwa PSA ilikuwa 2014. Kama Ikulu ya Marekani inaweza kupitwa, sembuse sisi wa Umoja?

Ndugu Mizani
Karani, Biden alikuwa na miaka 82, na kwao mtu aliyefika 70 hashauriwi kupimwa kama hana dalili. Jopo lao la wataalamu wa kinga mwaka 2012 lilisema kipimo hiki kisitumike kabisa kwa watu wazima wasio na shida. 2018 likalegeza: wa 55 hadi 69 azungumze na daktari wake, kisha aamue. Azungumze, si apange foleni nyuma ya mchungaji. Hata Richard Ablin, aliyegundua hiyo PSA mwaka 1970, aliandika gazetini 2010 akilalamikia jinsi inavyotumika kupima watu kiholela. Najua mwisho wake. Mzee hana dalili, anatumiwa ujumbe "PSA 4.8, iko juu". Juu ya nini, hajui. Miezi sita baadaye watoto wameuza shamba, mzee yuko India anavaa nepi, kwa ugonjwa ambao ungemwacha afe na uzee wake. Shamba limeenda bure.

Shemeji wa Wote
Nakumbuka utafiti wa Ulaya wa 2009, wanaume kama 162,000. Waliopimwa, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 20. Hilo umelirukaje?

Ndugu Mizani
Sikuliruka, sikuwa nimefika. Utafiti huo huo ulisema ili mtu mmoja asife, watu 1,410 wapimwe na 48 watibiwe. Kwa hesabu hiyo 47 wameguswa bila faida, na wengine kati yao hawasimamishi tena. Kanisa lenu lina wanaume wangapi?

Karani wa Gikomba
Na hao 162,000 weusi walikuwa wangapi? Uingereza kwenyewe wanasema mwanamume mmoja kati ya wanane ataupata, lakini mweusi ni mmoja kati ya wanne. Unatuletea kipimo cha suti ya mtu mwingine.

Mtoto wa Tatu
Ndugu Mizani, hiyo ya shamba umeitoa wapi?

Ndugu Mizani
Ni mfano tu, kaka.

Mtoto wa Tatu
Si mfano. Mimi niliuza. Eka moja na nusu upande wa Kangundo, mwaka 2019, nikampeleka baba India. Uliandika "limeenda bure" ukiwa umekaa wapi? Ulikuwepo alipokuwa hawezi kukaa kwenye kiti cha matatu, anakaa ukingoni upande mmoja kama mtu aliyebeba mayai mfukoni? Mwaka mzima tulikuwa tunamchua mgongo na ile dawa ya kijani ya dukani. Tukidhani ni jembe.

Ndugu Mizani
Pole sana. Sikukusema wewe. Ila mzee wako alikuwa na dalili, na mimi naongea kuhusu wasio na dalili. PSA yake ilikuwa ngapi?

Mtoto wa Tatu
212.

Ndugu Mizani
Basi kesi yako haihusiani na hema la kanisa.

Mtoto wa Tatu
Haihusiani! Angepimwa miaka mitano kabla chini ya hema kama hilo tungefika 212? Nijibu hilo kabla hujanifundisha hesabu.

Kiroboto
Wee buda, kwani shamba lilikuwa lako ama la mzee?

Mtoto wa Tatu
La mzee. Unauliza ili iweje?

Kiroboto
Naulizia tu. Kwetu ukisikia "niliuza shamba nimtibu baba", ujue ndugu wengine hawakuitwa kwenye kikao.

Shemeji wa Wote
Kiroboto acha ufidhuli. Ingawa, tuseme ukweli, kwetu uamuzi wa matibabu hufanywa na mwenye laini inayopokea michango. Mgonjwa huulizwa mwisho. Mjomba wangu aliwekwa kwenye kundi la simu la harambee yake mwenyewe kwa bahati mbaya, akasoma jinsi tunavyojadili kama anastahili chumba cha peke yake. Akaandika "asanteni" na akajitoa.

Karani wa Gikomba
Hahaha, "asanteni". Mzee mwenye heshima zake.

Nyanya Pipeline
Wanangu, nilikuwa muuguzi wodi ya wanaume zaidi ya miaka ishirini. Niseme kidogo halafu nikapike. Ikishafika mifupani, kazi kubwa ni kuinyima homoni ya kiume. Hilo alilionyesha Huggins kule Chicago mwaka 1941, na hadi leo ndio msingi. Njia ni mbili. Moja ni upasuaji mdogo wa kutoa korodani, mara moja basi. Nyingine ni sindano ya tumboni, nyingi huchomwa kila baada ya miezi mitatu, maisha yote. Wazee wakielezwa upasuaji hunyamaza, hukunja ile bahasha ya eksirei mara mbili, wanasema wanaenda kushauriana nyumbani. Wengi hawakurudi. Wengine walirudi kwenye machela, miguu imekufa ganzi kwa sababu uti wa mgongo umebanwa. Mke alikuwa nje kwenye benchi siku zote hizo na hakuna aliyemwita ndani.

Mtoto wa Tatu
Mama, wewe umeelewa. Baba alikataa kabisa kukatwa. Ndiyo maana tukaenda India, wakamwanzishia sindano hiyo ya tumboni na mionzi ya mgongo. Aliinuka. Alikufa 2022 akiwa anatembea mwenyewe.

Nyanya Pipeline
Mungu amrehemu. Nasikitika kulisema, mwanangu, lakini sindano hiyo ipo Nairobi. Na mionzi ya mgongo ipo.

Kiroboto
Uuuwi.

Mtoto wa Tatu
Nani alituambia? Tulikaa foleni wiki tatu hospitali moja hapa, daktari alituona dakika nne, akaandika "rufaa" bila kusema rufaa ya wapi. Mtu wa kwanza kutukalisha chini na kutueleza alikuwa wakala wa safari za India. Alikuja na kalamu na karatasi, akamchorea baba tezi. Baba alimpenda kwa huo mchoro.

Ndugu Mizani
Ndugu, nafuta neno "bure".

Mtoto wa Tatu
Lifute na lile la nepi.

Mpimadamu
Samahani, nimechelewa, nilikuwa zamu. Nafanya maabara. Hakuna aliyegusa kitu ambacho kitawachoma Jumapili hiyo. PSA si kipimo cha saratani, ni kipimo cha tezi kulalamika. Hupanda kwa tezi kukua na umri, kwa maambukizi ya mkojo, kwa mpira wa mkojo, hata kwa kuendesha baiskeli kwa muda mrefu au kukaa na mkeo usiku wa jana. Tunashauri siku mbili bila tendo. Na anayemeza finasteride ya kupunguza tezi, namba yake hushuka karibu nusu, kwa hiyo 3 yake huenda ni 6. Nani atawauliza watu 200 hayo yote chini ya hema?

Karani wa Gikomba
Ngoja. Siku mbili bila tendo. Ibada ni Jumapili. Maana yake tangazo lazima lisomwe Jumapili iliyotangulia, madhabahuni, mbele ya akina mama na watoto wa kipaimara. Mwenyekiti, nani atalisoma?

Shemeji wa Wote
Mzee wa kanisa. Sauti ya kwanza kwaya, sauti ya pili wake zao.

Kiroboto
Na Ijumaa usiku mtaa mzima unaulizwa, "Leo vipi? Kumbe unaenda kupimwa?"

Mwenyekiti wa Muda
Jamani. Nimesoma kurasa tatu, sijaona jibu.

Mpimadamu
Jibu langu: kabla ya hema, tafuta daktari wa mfumo wa mkojo atakayewapokea watakaokuwa juu. Warudie kipimo kwanza, kisha picha ya MRI kama inawezekana, ndipo wafikirie kutoa kinyama cha kupimwa. Na saratani ikipatikana ikiwa ndogo, si lazima kukatwa. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kuangaliwa tu. Baada ya miaka 15, kama 97 kwa 100 hawakuwa wameuawa na saratani hiyo, kundi lolote.

Shemeji wa Wote
Kuangaliwa na nani? Hapa mtu akihama kutoka Umoja kwenda Ruai anabadilisha hadi laini. Hao wa Uingereza wana daktari mmoja tangu ubatizo.

Karani wa Gikomba
Si kuna SHA, bima ya afya ya serikali? Walipoanza Oktoba 2024 waliandika shilingi 400,000 kwa saratani, na 150,000 juu yake kutoka ule mfuko wa dharura na magonjwa sugu.

Shemeji wa Wote
Kwa familia nzima kwa mwaka, Karani. Mama akiwa na la kwake la matiti, mnagawana.

Mwenyekiti wa Muda
Hema tumeshalilipia, ndiyo shida.

Mtoto wa Tatu
Mama Nyanya Pipeline, kama bado uko. Mimi nina miaka 44. Kila siku nasema kesho. Nikae hema hilo la Umoja, au?

Nyanya Pipeline
Sufuria iko jikoni lakini nipo. Wewe usingoje hema. Baba yako aliugua, hiyo peke yake inakutoa kwenye mstari wa watu wengine. Tafuta karatasi zake zote, zile za India pia, za hapa pia, hata ile ya rufaa isiyosema ya wapi. Nenda nazo. Na mkeo aingie ndani, asikae benchi.

Mtoto wa Tatu
Karatasi ziko kwa kaka mkubwa. Hatujaongea tangu 2019.

Kiroboto
Nilisema mimi.

Nyanya Pipeline
Kiroboto, nyamaza. Mwanangu, mpigie leo kabla hajalala. Anza na karatasi tu, shamba mtaliongea siku nyingine.